Wellcome Collection ya London: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu nianze kutupia picha za lile jumba la Euston Road kwenye grupu la familia na lile la watu wa Tanga tulioko huku, simu yangu haitulii. Nikimjibu mmoja leo, kesho anakuja mwingine na swali lilelile, afu wa tatu anataka nimtumie voisi ya dakika kumi. Basi nimeyaandika yote hapa, ukiniuliza nakutumia hii na mimi nikalale. Niseme mapema tu, mimi sio mfanyakazi wa pale wala sijalipwa na mtu. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku, na asubuhi nikitoka kazini usingizi hauji haraka, ndo nikaanza kupitia pale kupoteza muda. Mwaka wa nne huu.

Hivi ni kitu gani hasa? Makumbusho ya dawa?

Ni makumbusho na maktaba kwa pamoja, na mambo yake ni afya, tiba, mwili wa binadamu na sanaa. Usitegemee kukuta chupa za dawa zimepangwa kwenye kabati la kioo na vibandiko vya Kilatini, ingawa chupa nazo zipo. Siku moja unakuta picha alizojipiga mgonjwa wa saratani mwenyewe, siku nyingine maonyesho mazima kuhusu meno, au uchafu, au maziwa. Ndio, maziwa. Mwaka 2023 waliweka maonyesho kuhusu maziwa, nani aliamua kwamba ni chakula cha lazima, nani kapata faida. Niliingia nikicheka nikatoka najiuliza mambo ya chai yangu mwenyewe.

Kwa kifupi wanaangalia ugonjwa kama jambo linalompata mtu mwenye nyumba, deni, dini na majirani, sio kiungo tu kilichoharibika.

Kaka, ni bure kweli au kuna ujanja?

Bure. Makumbusho bure, maonyesho ya muda bure, maktaba bure. Kuna sanduku la michango mlangoni ukipenda, na usipopenda hakuna anayekuangalia vibaya. Baadhi ya shughuli ndo zinataka uweke nafasi mapema lakini kuingia tu na kutembea hauulizwi kitu zaidi ya sekyuriti kutupia jicho begi lako.

Iko wapi na wanafungua saa ngapi?

Namba 183 Euston Road, karibu uso kwa uso na stesheni ya Euston. Ukishuka Euston Square ni hatua chache tu, Warren Street nayo sio mbali, na ukitokea King's Cross ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu, barabara moja tu iliyonyooka yenye magari na moshi. Jengo lenyewe ni kubwa la mawe na nguzo mbele, lilifunguliwa 1932, ukiliona utadhani benki.

Jumanne mpaka Jumapili, saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na Alhamisi wanaenda mpaka saa mbili usiku. Chungulia tovuti yao kabla hujatoka maana sikukuu wanabadilisha. JUMATATU MAONYESHO YAMEFUNGWA. Naandika herufi kubwa kwa sababu nilimpeleka shemeji yangu Jumatatu, katoka Birmingham na basi la alfajiri, kavaa koti jipya, tunafika tunakuta watu wanaingia tukajua mambo safi, kumbe wale wanaenda maktaba ambayo Jumatatu iko wazi. Tumesimama ngazini na mvua ya London mnaijua. Mpaka leo akinipigia simu anaanza na "leo siku gani?"

Huyo Wellcome alikuwa nani?

Hapa kaa chini. Henry Wellcome alizaliwa 1853 huko Wisconsin, Marekani, kwenye kibanda cha magogo, mtoto wa watu wa kawaida kabisa. Biashara yake ya kwanza akiwa kijana ilikuwa wino usioonekana, ambao inasemekana ulikuwa maji ya ndimu tu, kwa hiyo unaona mapema kwamba huyu mtu alikuwa na kichwa cha kuuza. Akasomea ufamasia, akahamia London, na 1880 yeye na Mmarekani mwenzake Silas Burroughs wakafungua kampuni, Burroughs Wellcome.

Kilichowatajirisha ni kidonge. Zamani mfamasia alikuwa anakupimia unga kwa mzani, au anakufinyangia vidonge kwa mkono, na mkono wa leo sio mkono wa kesho, kwa hiyo dozi inakuja imezidi au imepungua. Wao wakaleta vidonge vya kubanwa kwa mashine, kila kimoja sawa na mwenzake. Mwaka 1884 Wellcome akavibatiza jina la biashara, Tabloid, akalilinda mpaka mahakamani. Lakini neno likishatoka mdomoni kwa watu halirudi, likaanza kutumika kwa kila kitu kilichobanwa kikawa kidogo, hadi magazeti yale madogo ya habari fupi fupi za moto. Ndio hivyo, Kiingereza kinaita magazeti ya udaku kwa jina la vidonge vya Mzee Wellcome. Nikiwaambia watu hili kazini wanadhani natania.

Burroughs alifariki 1895 Wellcome akabaki mwenye mali yote. Akaoa 1901, ndoa ikavunjika kwa aibu kubwa, akachukua uraia wa Uingereza, 1932 akapewa cheo cha Sir, na 1936 akafariki. Wosia wake ukaanzisha mfuko wa Wellcome Trust ambao mpaka leo unagharamia utafiti wa afya duniani kwa mabilioni ya pauni, na ndio wenye hili jumba. Wellcome Collection kama tunavyoijua sasa ilifunguliwa 2007.

Na kama bado unaona huyu mtu hakuhusu, fungua kabati la dawa la bibi yako. Septrini! Septrini ilikuwa dawa ya kampuni hiyo. Kiungo chake kimoja, trimethoprim, kilitoka kwenye maabara yao ya Marekani alipokuwa George Hitchings, ambaye yeye na mwenzake Gertrude Elion walipata Nobel mwaka 1988. Kwetu Tanga, Septrini ilikuwa ya kila kitu, tumbo Septrini, kikohozi Septrini, jipu Septrini, bibi alikuwa anazifunga kwenye pindo la kanga. Madaktari msinirushie mawe, sisemi ilikuwa sahihi, nasema ndo ilivyokuwa.

Alikusanya vitu gani, na alivipataje?

Kila kitu. Yaani alipokufa vitu vilikuwa zaidi ya milioni moja, vingine kwenye makasha ambayo hayajawahi kufunguliwa. Alikuwa na wazo la kujenga makumbusho ya mwanadamu mzima, tangu tulivyoanza kuogopa kufa mpaka leo, na alifungua makumbusho yake ya kwanza Wigmore Street mwaka 1913. Mswaki wa Napoleon, fimbo ya Darwin yenye fuvu dogo, mikanda yenye kufuli ya kulinda ubikira, viungo bandia, vitabu vya tiba vya Kiarabu pamoja na nakala za Ibn Sina, kila aina ya kisu.

Alivipataje, hilo ndo swali lenyewe. Vingine minadani, ambako alikuwa anatuma watu au anajificha nyuma ya jina la uongo ili wauzaji wasijue ni tajiri yule wakapandisha bei. Vingine kupitia mawakala waliozunguka dunia, na dunia yenyewe wakati huo ilikuwa chini ya wakoloni, kwa hiyo mtu aliyeuza hirizi ya babu yake kwa Mzungu mwenye bunduki jirani, hatuwezi kusema aliuza kwa moyo mkunjufu. Vingine vilichukuliwa tu. Alipofariki, wasimamizi wakakaa miaka mingi wakigawa, vingine vikauzwa, vingi vikaenda makumbusho nyingine za Uingereza na hata Marekani.

Mbona nilisikia walifunga maonyesho yao makubwa watu wakagombana?

Ni kweli. Kulikuwa na maonyesho ya kudumu yanaitwa Medicine Man, tangu 2007, yenye vile vitu vya Mzee Wellcome mwenyewe. Tarehe 27 Novemba 2022 wakayafunga moja kwa moja, muda mfupi tu baada ya kutangaza. Walisema wazi kwamba yalikuwa yanasimulia historia ya tiba kwa macho ya mtu mmoja tajiri, na kwamba yalibeba ubaguzi wa rangi, wa jinsia na wa walemavu. Mfano waliotoa ni mchoro wa Harold Copping wa 1916, daktari mmisionari wa kizungu anamhudumia Mwafrika mgonjwa. Mzungu ndiye mwenye ujuzi, Mwafrika ndiye mwenye ugonjwa, basi, hadithi imeisha.

Watu walikasirika kwelikweli, wengine wakasema mnafuta historia, wengine wakasema mmechelewa. Mimi nilienda wiki ile ya mwisho nikasimama mbele ya kabati la vitu vya Afrika, kibandiko kinasema kifaa cha mganga, sehemu fulani, mwaka fulani. Jina la Wellcome lipo. Jina la mganga halipo, na huyo mganga alikuwa anajulikana kijiji kizima, si watu walikuwa wanatoka mbali kumfuata? Maoni yangu, na mnaweza kubisha, kufunga ilikuwa sawa lakini nilitamani wangeacha kabati moja lilelile na kuandika pembeni yake haya maswali yote. Kabati tupu halimfundishi mtu kitu.

Kuna chochote kinachotuhusu watu wa Afrika Mashariki?

Kipo, na kinaumiza kidogo. Wellcome alikuwa rafiki wa Stanley, yule Stanley wa Livingstone. Kampuni ikamtengenezea masanduku ya dawa, kwinini na vidonge vingine vimepangwa vizuri ndani, na Stanley akawasifia, ikawa tangazo la bure. Mwaka 1887 alipita Zanzibar kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan, akachukua wapagazi mamia kutoka pale kisiwani, akaondoka pia na Tippu Tip, wakazunguka kwa meli mpaka mlango wa mto Kongo, halafu msitu. Walitokea Bagamoyo Desemba 1889. Wapagazi wengi hawakutokea. (Emin mwenyewe, baada ya kuokolewa sana, usiku wa karamu Bagamoyo akadondoka dirishani akavunjika, haoni vizuri maskini. Hiyo nayo ni historia.)

Sasa mimi nikitazama picha ya sanduku la namna ile siangalii vidonge. Naangalia lile sanduku, pembe zake, lina ukubwa gani, maana halikutembea lenyewe. Kuna mtu wa Ng'ambo au wa Malindi ya Unguja alijitwisha kichwani siku nzima, dawa za homa ziko juu ya utosi wake na yeye mwenyewe homa inampanda. Kampuni ilipata sifa, Stanley akaandika kitabu, na mbebaji hatumjui jina.

La karibuni zaidi ni Kilifi. Wellcome Trust inashirikiana na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi tangu 1989, utafiti wa malaria na magonjwa ya watoto. Mtu wa pwani anajua kabisa ukisema watafiti wanachukua damu kitu gani kinakuja kwanza kwenye kichwa cha watu: mumiani. Sasa badala ya kutuma daktari tu kuelezea, Wellcome Collection iliweka wasanii kwenye vituo vya utafiti vya nchi kadhaa, na Kilifi walikuwa Wakenya wawili, Miriam Syowia Kyambi na James Muriuki. Moja ya kazi zao ilikuwa studio ya picha ya kuhamahama, Pata Picha, watu wanakuja wanajipanga na vifaa wanavyochagua wenyewe na kupigwa picha wanavyotaka waonekane. Si ndo studio zetu zile za zamani, pazia lenye maua nyuma na redio mkononi! Kazi za mradi ule zilionyeshwa London kuanzia Novemba 2013 mpaka Februari 2014. Sikuwepo, niliziona baadaye kwa picha, na inaniuma mpaka leo.

Halafu kuna mabango ya ukimwi. Wana maelfu, kutoka nchi karibu mia, na zetu zimo. Kwa aliyekua miaka ya tisini ni kama kurudi kwenye ukuta wa zahanati. Na hapo kumbuka kitu kimoja: dawa ya kwanza ya HIV kuidhinishwa, AZT, mwaka 1987, ilikuwa ya Burroughs Wellcome, na bei yake ilikuwa kama dola 10,000 kwa mwaka mpaka wanaharakati Marekani wakaandamana. Kwetu wakati huo watu walikuwa wanazikwa. Kwa hiyo hela zilizonunua bango la "jikinge" na dawa ile ya bei, ukifuata nyuma sana, nyumba moja. Sisemi kwa ubaya, nasema ukienda nenda unajua.

Eti Wazungu nao walikuwa na hirizi?

Tena sana! Hapo London penyewe. Kulikuwa na mfanyakazi wa benki anaitwa Edward Lovett, mchana anahesabu hela za watu, jioni anazunguka mitaa ya maskini na bandarini anakusanya hirizi, na nyingi zikaishia kwa Wellcome. Kati ya 2011 na 2012 wakazionyesha kama 400 hivi. Miguu ya fuko, yule mnyama anayechimba chini ya ardhi, unabeba kwenye kifuko kuzuia maumivu ya jino na misuli kukaza. Shanga za buluu shingoni mwa watoto, mafua ya kifua yasiwapate. Lovett alizikuta mtaa baada ya mtaa, mama zao wakamwambia mtoto havui hata akioga.

Miguu ya fuko midogo, imekauka, vidole vimejikunja kama mkono wa mtoto mchanga. Mimi nilivyoona picha yake nikakumbuka mdogo wangu alivyofungwa uzi mweusi na kipande cha mvuje mkononi asipate jicho baya, na mwalimu akaukata na mkasi darasani kwa sababu ni ushenzi. Ningempeleka mwalimu yule kwa Lovett.

Saivi kuna nini cha kuona?

Maonyesho ya muda yanabadilika, hivyo siwezi kukuandikia hapa ukakuta mengine. Ila tangu Septemba 2019 ghorofa ya kwanza kuna Being Human, hayo ni ya kudumu. Yamegawanyika sehemu nne, vinasaba, akili na mwili, maambukizi, na kuharibika kwa mazingira.

Nenda moja kwa moja kwa mwanaanga wa Yinka Shonibare, anaitwa Refugee Astronaut. Ni sanamu la ukubwa wa mtu, limevaa suti ya anga za juu lakini suti yote ni kitambaa kama vitenge vyetu, rangi juu ya rangi, na mgongoni kuna wavu umejaa vitu vyake vya nyumbani. Anatembea, haijulikani anakwenda wapi. Nilimpeleka mwenzangu mmoja kutoka Bukavu, mtu wa maneno mengi sana, alisimama pale hakusema kitu, mwishoni akasema tu, "Huyu amesahau sufuria." Afu akacheka, lakini sio kicheko.

Kuna kipindi nilienda kwenye maonyesho mengine, Hard Graft, yalikuwepo 2024 mpaka 2025, kuhusu kazi na jinsi inavyokula mwili. Mashambani, barabarani, na kazi za ndani ya nyumba za watu. Nilitoka zamu na mgongo unauma nikaingia kuangalia sanaa kuhusu migongo inayouma. Nilikaa kwenye kiti chao muda mrefu.

Ni kweli kuna maiti? Mi naogopa.

Medicine Man ilikuwa na maiti iliyokaushwa kutoka Peru, lakini hayo yameshafungwa. Kwenye maonyesho mengine wanaweka tangazo mlangoni kama kuna kitu kizito, soma kwanza.

Ila kuna hadithi moja nawaambia wote. Mwaka 2007 walipofungua walianza na maonyesho ya moyo. Msichana mmoja wa miaka ishirini na kidogo alikuwa ametoka kubadilishiwa moyo miezi michache nyuma, akaruhusu ule wake wa zamani uwekwe pale kwenye kioo, halafu yeye mwenyewe akaenda kuutazama. Fikiria. Umesimama na miguu yako, unapumua, na moyo uliokulaza hospitali uko mbele yako kwenye chombo. Sisi tunasema moyo wangu umekataa, moyo umenituma, sasa huyu angesema nini?

Watoto wanaruhusiwa?

Ndio, na magari ya watoto yanapita. Maonyesho mengine yana mambo ya kikubwa, mwaka 2014 walikuwa na maonyesho mazima ya elimu ya ngono, kwa hiyo uliza mapokezi kabla hujajikuta unajibu maswali kwenye basi.

Mwanangu, mimi na magoti yangu haya nitaweza kweli?

Shikamoo mama. Utaweza vizuri sana. Kuna lifti, kuna viti kila sehemu, na viti vya magurudumu vinapita bila shida. Being Human waliitengeneza kwa kushauriana na watu wenye ulemavu tangu mwanzo, ndo maana meza na maandishi havijawekwa juu sana, na kuna maelezo ya kusikiliza na ya lugha ya alama. Mimi nasukuma viti vya magurudumu kila siku, najua jengo linalosema "karibuni" kwa mdomo tu na jengo lililopimwa kweli. Hili limepimwa. Njoo Jumanne asubuhi, hakuna watu, tutatembea taratibu.

Maktaba nayo ni ya wasomi tu?

Hapana. Unajiandikisha bure, unaenda na kitambulisho, unapewa kadi. Vitabu vingi viko kwenye rafu unachukua mwenyewe unasoma pale, vile vya zamani unaviagiza wanakutolea stoo. Nimemuona mwanafunzi wa unesi, nimemuona mzee anatafuta habari za hospitali aliyolazwa mama yake zamani.

Usipotaka mambo ya kadi, kuna chumba kinaitwa Reading Room ghorofa ya pili. Nusu maktaba, nusu sebule ya mtu tajiri asiyetupa kitu. Mito mikubwa kwenye ngazi, michoro, vitabu, sanamu za vichwa zilizochorwa mistari kuonyesha eti hapa panakaa wivu hapa panakaa ukarimu. Nilivyozoea mimi ndo nasinzia pale. Hakuna aliyewahi kuniamsha ila mara moja kwa sababu nilikuwa nakoroma, dada wa watu akaniomba radhi yeye.

Niko Dodoma, visa sina, nitapataje haya yote?

Kwenye intaneti, na huku ndo walipofanya vizuri kuliko wengi. Mwaka 2014 waliachia picha za kihistoria 100,000 watu wazitumie bure ilimradi utaje zimetoka wapi, na tangu hapo wameongeza nyingi sana, mpaka vitabu vizima vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Ingia wellcomecollection.org, andika Zanzibar, andika Stanley, andika AIDS na jina la nchi yako. Walimu wa baiolojia, hamna haja ya kuchora tena moyo ubaoni. Bando liwe la kutosha tu, picha ni nzito.

Na ile ya Wellcome iliyoko Science Museum ni hiihii?

Watu wengi wanapotea hapa. Science Museum iko South Kensington, upande mwingine kabisa wa mji, na wao wameazimwa vitu vya Mzee Wellcome zaidi ya laki moja. Mwaka 2019 walifungua kumbi tano za tiba zenye jina la Wellcome, vitu zaidi ya 3,000, nako bure. Ukitaka mashine, viungo bandia na duka la dawa la zamani, nenda kule. Ukitaka kufikiri nenda Euston. Siku moja haitoshi kwa zote mbili, msijaribu, nimejaribu.

Naweza kupimwa presha pale?

Jamani. Hapana. Hakuna daktari. Huyu aliyeuliza ni mjomba na ameuliza mara tatu.

Chakula je?

Kuna mkahawa pale chini, chai na keki, bei za London, nimeshasema mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Unachofanya ni hivi: ukitoka, vuka barabara, zunguka nyuma ya Euston upande wa magharibi, ulizia Drummond Street. Mtaa mfupi umejaa migahawa ya Kihindi, ya mbogamboga mingi, bhel puri, dosa, bhajia za moto na chatne ya ukwaju. Mwenzangu wa Mombasa alipoonja ile chatne aliweka kijiko chini akauliza mpishi ni wa Old Town au vipi. Pilipili waambie waongeze, wakiona mgeni wanapunguza.